Kemia Haikumshinda Dada Yako

Wafula, baba,

Umeenda kunyolewa, na ukienda kwa yule kinyozi huwa unachelewa kurudi. Mtaanza kubishana mpira hadi asahau kichwa chako kimenyolewa nusu. Kwa hivyo nimepata nafasi. Sanduku lako limefungwa isipokuwa mfuko wa mbele, na humo ndimo nitakamoiweka barua hii, chini ya shati la bluu. Ukiikuta utakuwa umeshafika chuoni, mimi niko huku Kayole, na hutauona uso wangu. Nimepanga hivyo makusudi.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za marafiki wabaya. Nimekulea miaka kumi na minane, ikiwa hujasikia bado hutasikia kwa karatasi. Nataka kukuambia jambo nililofanya zamani, na jambo nitakalofanya Jumamosi. Leo ni Jumatano. Utasoma kesho jioni au Ijumaa asubuhi, kwa hivyo utakuwa na muda wa kunipigia simu ukitaka kunizuia. Nitaishika simu. Nia yangu haitabadilika, lakini nitaishika.

Nianze na ile chupa.

Ile ya kahawia iliyo juu ya kabati, nyuma ya sufuria ya wageni. Ulipokuwa darasa la sita uliniuliza ni ya nini, nikakuambia ni dawa ya choo na ukiigusa itakuchoma. Ulipofika kidato cha pili uliniuliza tena kwa ile sauti yako iliyokuwa imeanza kuvunjika: "Mathe, hii dawa ya choo mbona haiishi?" Nikasema choo chetu si kichafu hivyo. Ukacheka, ukatoka. Baba, haijawahi kuwa dawa ya choo. Ni asidi ya mtihani wa Nekesa.

Dada yako alifanya mtihani wa kidato cha nne ukiwa na miaka kumi na mmoja. Unakumbuka akikupikia, unakumbuka akikukimbiza na mwiko, lakini mambo ya mtihani wake uliyasikia kama mtoto anavyoyasikia, kwamba alifanya, hakupita vizuri, akaenda kiwandani. Kila mtu aliyasikia hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya chumba cha mtihani.

Unajua kazi yangu kwa nje tu. Wanafunzi wananiita Mama Asidi, na hata wewe siku moja nilikusikia ukiniita hivyo mbele ya wenzako, ukidhani niko mbali. Haikuniuma. Niliacha shule kidato cha pili, nikaja Nairobi, nikaajiriwa pale shuleni kufagia. Mwalimu Barasa ndiye aliyenitoa kwenye ufagio. Alikuwa mwalimu wa kemia wakati huo, kabla hajawa mwalimu mkuu, na hadi leo hajaiacha kemia. Aliniona nikisoma majina kwenye chupa nilipokuwa nikipangusa vumbi, akasema, "Kumbe unasoma, Mama Nekesa. Njoo huku unisaidie." Akanifundisha kuosha bureti, lile bomba refu la kioo lenye mistari, lisibaki na tone. Akanifundisha kuchanganya. Baba yenu alipofariki, yeye ndiye aliyenitetea kwa mwalimu mkuu wa zamani nisiachishwe kazi kwa zile wiki nilizokosa. Ni mtu wa kwetu, tunasali kanisa moja, na mfukoni hakosi peremende. Ukimkuta na shida anakupa peremende kwanza ndipo anakuuliza.

Nakuambia wema wake mapema ili usifikiri namchukia kwa kutomjua.

Mwaka ule shule yetu ilikuwa na bureti ishirini na mbili, na nne kati ya hizo zilikuwa zinavuja. Watahiniwa walizidi thelathini. Kwa hivyo mtihani wa vitendo wa kemia ulifanywa kwa makundi mawili. La kwanza linaingia asubuhi, la pili linafungiwa chumba kingine na msimamizi mlangoni, hata chooni wanasindikizwa, hadi wenzao wamalize. Halafu tunaosha vyombo haraka haraka na wao wanaingia. Wewe pia ulifanya hivyo, unajua. Nekesa alikuwa kundi la pili.

Wiki moja kabla, Mwalimu Barasa alinituma shule moja kubwa ya bweni, ng'ambo nyingine ya mji, nikaazime pipeti, vile vijibomba vya kunyonyea kipimo. Sikuwa nimewahi kuona maabara kama ile. Kila msichana na bureti yake, kila meza na bomba lake la maji. Walikuwa kwenye mazoezi. Nikatazama chupa zilizopangwa mezani, na majina yaliyokuwa juu yake niliyajua, kwa sababu ndiyo majina yaliyokuwa kwenye ile karatasi ya siri inayotumwa kwa walimu ili watayarishe vitu vya mtihani. Vitu vile vile, vipimo vile vile. Mwalimu wao alikuwa amesoma karatasi, akakisia swali, sasa anawazoesha mikono. Msichana mmoja aliyeketi karibu nami alikuwa anapiga miayo. Alikuwa ameshaufanya mara nyingi mno, umemchosha. Nikabeba pipeti zangu sita ndani ya gazeti nikarudi Kayole.

Sikumwambia Nekesa nilichokiona. Nilifikiri nikimwambia nitakuwa nimemwibia mtihani. Tazama nilivyokuwa mwaminifu, baba, wiki nzima kabla.

Siku yenyewe, asidi ilikuwa ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko. Asubuhi kabla ya kundi la kwanza, Mwalimu Barasa alipima mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Alipata ishirini kamili, yaani mililita ishirini za asidi zilishuka kwenye bureti ndipo rangi ya waridi ya chupa ya chini ikapotea. Hiyo namba inaandikwa kwenye fomu, inatiwa kwenye bahasha inayokwenda pamoja na kazi za watahiniwa, na wale wanaosahihisha wanalinganisha. Aliyeikaribia anapata, aliyekuwa mbali nayo anakosa. Mtu anayesahihisha hawezi kujua ndoo yetu ilikuwaje. Anajua ishirini tu.

Kundi la kwanza walimwaga sana. Walikuwa na woga, na zile bureti nne zilivuja hadi sakafuni. Walipotoka nikafunua ndoo. Nikapima kwa lile kopo langu la nusu lita, yakatoka makopo kumi. Hayakutosha. Nikamwambia mwalimu. Akaja, akachungulia, akatazama saa ya ukutani. Kutengeneza nyingine kungechukua muda, na ingebidi amwambie msimamizi, na msimamizi angeandika, na shule ingeulizwa.

"Ongeza maji kidogo ijae," akasema.

"Maji, mwalimu?"

"Kidogo tu, Mama Nekesa. Kopo mbili. Hakuna mtu atakufa."

Nikaongeza makopo mawili. Kwa mkono huu ninaoandikia.

Usiniambie sikujua. Nimejiambia hivyo miaka mingi, na ni uongo. Mtu yeyote aliyewahi kuongeza maji kwenye chai ili iwatoshe wageni anajua kitu gani kinatokea kwa ladha. Nilijua. Nilifikiri atapima tena kabla hajafunga bahasha, ili kundi la pili liwe na namba yake. Kisha nikamwona anafunga bahasha. Nilikuwa nimeshika kopo tupu, nikasimama hapo nalo kama mtu anayengoja kuambiwa aliweke wapi.

Lile kundi la kwanza lilipokuwa likipita nje, msichana mmoja aliinua mikono dirishani mwa chumba walichofungiwa wenzao, akafungua vidole vyote kumi, akavifunga, akavifungua tena. Msimamizi alikuwa anatazama upande mwingine. Kundi zima la pili likaingia maabara likijua ishirini.

Jioni ile Nekesa alifika nyumbani, hakuvua hata viatu. Wewe ulikuwa chini ya meza unatengeneza gari la waya. Akachukua penseli yako, akaenda nyuma ya mlango, akaandika ukutani. Umeziona zile namba, zile ulizofikiri ni urefu wako zamani, ukawa unajipima nazo. Ishirini na nne kamili. Ishirini na nne nukta moja. Ishirini na nne kamili, mara tatu.

"Mama, nimerudia mara tano," akasema. "Karibu wote wameandika ishirini. Aliyekuwa kulia kwangu hata hakuwa amefungua bureti, ameandika ishirini. Mimi kila nikipima ni ishirini na nne. Nikaosha kila kitu, nikaanza upya. Ishirini na nne."

"Sasa uliandika ngapi?"

"Niliandika nilichoona. Lakini muda uliisha, mama. Swali la pili nimefika nusu. La tatu sijaligusa."

Kisha akanitazama kwa yale macho yake, akauliza, "Ama ni mimi sijui kusoma bureti?"

Wafula, unakumbuka alivyokuwa akigawa soda. Krismasi tunanunua moja kubwa, anaweka glasi mbili mezani, anamimina, halafu anapiga magoti sakafuni hadi jicho lake liwe sawa na soda, anatazama glasi moja, anatazama nyingine, anaongeza tone. Wewe unalia kwamba anachelewa. "Ngoja, bado yako imepungua," anakuambia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo, hakuna aliyekuwa amemfundisha bureti. Huyo ndiye aliyekuwa ananiuliza kama hajui kusoma mstari.

Na mimi, niliyekuwa na jibu mkononi, nilimwambia, "Kula kwanza."

Hayo ndiyo maneno niliyompa. Karatasi zilikuwa bado hazijaenda mbali. Kesho yake asubuhi msimamizi alikuwa pale pale shuleni kwa mtihani mwingine, amekaa chini ya kivuli cha tangi la maji anakunywa chai niliyompelekea mimi mwenyewe. Ningeweza kumwambia tukiwa wawili, sukari ikikorogwa. Niliogopa kazi. Niliogopa kumuumbua mtu aliyenitetea nilipofiwa. Wema wake ndio ulionifunga mdomo, baba, wala si ukali wake. Ndiyo maana sitakuambia uende ukawe mwalimu mwema. Barasa ni mwema.

Nilichofanya ni kitu kidogo cha woga. Mabaki ya ile ndoo, badala ya kuyamwaga yote, nilijaza chupa moja ya kahawia, nikaifunga kwa mpira na nta ya mshumaa. Sikujua ya nini. Nadhani nilitaka tu isipotee.

Matokeo unayajua. Masomo mengine yote alifanya vizuri. Kemia alipata C-, na chuo cha uuguzi kilitaka C. Walioandika ishirini ya vidole wakapata B, na mmoja wao leo ni muuguzi, nimemwona na sare yake. Simlaumu. Alikuwa mtoto, alionyeshwa vidole. Nekesa akaingia kiwanda cha sabuni ya unga huko Industrial Area, kibarua cha kupakia. Anarudi kope zimekuwa nyeupe, na wewe unamwita shosho, bibi kizee, naye anakufuata na kuinamisha kichwa ili umpanguse. Mwaka wa kwanza alikuwa anasema atarudia mtihani. Mwaka wa pili kifua kikaanza. Mwaka wa tatu ilikuwa ni kifua tu.

Kwenye cheti cha kifo daktari aliandika pumu. Sibishani na daktari.

Lakini hata hapo, baba, nilikuwa bado sijawa mtu huyu anayekuandikia. Nilikuwa mama aliyefiwa, nalia, nasahau chumvi kwenye chakula. Kilichonibadilisha ni ibada ya kumuaga, kabla hatujamsafirisha nyumbani. Mwalimu Barasa aliombwa aseme neno kwa niaba ya shule. Akasimama kando ya jeneza na suti yake ya kijivu. Akasema Nekesa alikuwa msichana mwenye bidii, mwenye heshima, aliyependwa na walimu. Halafu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, nakuapia ilikuwa ya kweli, akasema:

"Ni vile tu kemia ilimshinda."

Na watu wakaitikia kwa kuguna, mm, kama vile unavyoitikia jambo linalojulikana. Akaja akaniwekea mkono begani. Ulinukia peremende. Nikatazama mkono wake, nikatazama jeneza, na kitu fulani ndani yangu kikatulia kabisa, kama maji ukishazima jiko. Sikulia tena siku ile. Watu walisema nimepata nguvu ya Mungu.

Nilihesabu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, unakaribia kuingia shule ile ile, na mimi sikuwa na uwezo wa kukupeleka nyingine. Ungepita mikononi mwake miaka minne. Nikifungua mdomo, wewe ndiwe utakayelipizwa. Kwa hivyo nikaamua nitakusubiri umalize. Nimemwoshea Mwalimu Barasa vyombo miaka hiyo yote, nimemchemshia chai, nimempa pole alipofiwa na mamake, na nilimaanisha pole ile. Huku nakusubiri wewe. Ulipokuwa unaniambia "mathe, mbona unanibana sana na vitabu," hukujua ni mlango gani ulikuwa unanifungulia.

Jioni nyingine, ulipolala, nilikuwa nikisoma kitabu cha kemia cha dada yako. Kilinichukua muda mrefu, mimi wa kidato cha pili. Lakini nilifika. Ukiwa na makopo kumi ya asidi, ukaongeza mawili ya maji, iliyokuwa ikihitaji ishirini sasa itahitaji ishirini na nne. Si ishirini na tatu, si ishirini na tano. Nilifanya hesabu ile kwa penseli mara tatu, halafu nikaenda nyuma ya mlango nikasogeza kalenda. Nekesa alikuwa ameyahesabu makopo yangu kwa jicho lake, bila kuyaona.

Sasa unajua kwa nini nilimkatalia mwenye nyumba asipake rangi ule ukuta.

Mwaka jana ulipofanya wako, ulinikasirikia kwa sababu sikukuletea uji wakati wa mapumziko kama mama wengine. Sikuondoka kando ya ndoo. Nilikaa juu ya kiti kidogo, goti langu limeigusa, tangu asubuhi.

"Mama Nekesa, nenda ukanywe chai, nitaangalia hapa," Mwalimu Barasa akaniambia.

"Nimekunywa, mwalimu."

"Wapi? Nimekuona hapo tangu nifungue mlango."

"Basi leo sina kiu."

Akacheka. Kundi la kwanza likatoka. Asidi ilikuwa imebaki ya kutosha, nilikuwa nimehakikisha. Alipochukua bahasha nikamuuliza, "Kundi la pili utapima tena, mwalimu?"

"Ya nini? Si ni ndoo ile ile moja."

"Hata wakati wa Nekesa ilikuwa ndoo moja."

Sikupandisha sauti. Alinitazama, Wafula. Halafu akaweka bahasha chini, akachukua bureti, akapima upya, akaandika. Mimi ndiye niliyemshikia faneli alipokuwa akijaza. Alipomaliza akaingiza mkono mfukoni akanipa peremende.

Kwa hivyo anajua. Kabla ya siku ile ningeweza kusema labda alisahau, mwalimu ana mambo mengi. Alikuwa anakumbuka kila kitu, na bado alisimama kando ya jeneza la mtoto wangu akasema kemia ilimshinda. Ile peremende niliitupa kwenye ndoo ya mabaki.

Na nikuambie hili, usije ukalibeba vibaya: sikukunong'onezea namba yoyote. Nilikuwa nayo. Ulipita karibu yangu, ukanitazama, na nikatazama sakafu. A yako ni yako.

Sasa Jumamosi.

Unajua maabara mpya imekamilika, na siku hiyo inafunguliwa rasmi. Bureti arobaini, hakuna makundi tena, na kwa hilo nashukuru bila kinyongo. Jina lake limechongwa kwenye jiwe juu ya mlango, Maabara ya Mwalimu Barasa. Wageni watakuja, wazazi watakuja, na waliosoma pale zamani wamealikwa. Yule kijana anayeuza mayai ya kuchemsha Spine Road amealikwa pia. Humjui, lakini mimi kila nikipita nanunua mawili nisiyoyataka. Alikuwa kundi la pili, na naye aliandika ishirini na nne. Hajui kwa nini ananipendeza kiasi hicho. Nilimwambia, "Njoo Jumamosi, usikose." Akasema, "Mama Asidi, niache biashara nije kutazama mawe?" Nikamwambia mayai yake yote nitayanunua siku hiyo.

Mwalimu Barasa mwenyewe atawaonyesha wageni jinsi ya kupima asidi. Aliniita ofisini Jumatatu, amefurahi kama mtoto. "Mama Nekesa, ututengenezee ile ya rangi ya waridi. Wageni wanapenda wakiona rangi inapotea." Nikamwambia nitatengeneza kwa kipimo cha zamani, anachokijua kwa kichwa. Akasema vizuri sana.

Nitakiweka hicho kipimo cha zamani kwenye chupa ya kioo, chenye rangi yake ya waridi. Na kwenye bureti, baba, nitaweka ile iliyo nyuma ya sufuria ya wageni.

Nimeijaribu. Wiki iliyopita, watu walipokwisha kwenda nyumbani, nilifungua ile nta. Niliogopa miaka imeiharibu. Nikajaza bureti, nikapiga magoti jicho liwe sawa na mstari, nikafungua kidogo kidogo. Ilipofika ishirini rangi ilikuwa bado imekaa. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na nne ikapotea, kwa tone moja, kama mtu amezima taa. Nikakaa chini sakafuni na aproni yangu. Miaka saba, Wafula. Hakukosea hata tone.

Imebaki ya kutosha mara moja tu.

Unamjua anavyopenda kutangaza kabla. Atasema, "Angalieni vizuri, ikifika ishirini itapotea." Haitapotea. Atacheka kidogo, ataongeza. Ishirini na moja. Nadhani kwenye ishirini na mbili atakuwa ameshajua, na kwenye ishirini na tatu atainua macho kunitafuta, na sitakuwa mbali. Nitakuwa kando yake na karatasi na kalamu. Rangi ikipotea nitampa kalamu mbele ya watu wote, nitamwambia, "Andika ulichoona, mwalimu."

Kisha nitawaeleza wale watu kilichotokea, na nitaanza na jina langu na kopo langu. Sitalia, na sitamtukana. Nataka tu aliyesema mbele ya watu asikie mbele ya watu. Ningependa arudishe lile neno mwenyewe, alitamke: kemia haikumshinda Nekesa. Asipotaka, nitalisema mimi naye akiwa chini ya jina lake.

Najua utafikiri juu ya kazi yangu. Nitafukuzwa, na ni haki nifukuzwe, nilistahili tangu wakati ule. Kuna kiwanda huko mtaa wa Baba Dogo wanataka mtu wa usafi. Mchungaji naye nilimwuliza habari za kisasi bila kumwambia cha nani. Akasema nisamehe. Nikamwambia nitasamehe Jumapili.

Pengine utaniona mbaya. Mama uliyemjua ni yule anayekuambia nyamaza, wacha, songa mbele. Mama huyo alimwambia dada yako ale kwanza, na umeona alichopata. Unaenda kusomea ualimu wa kemia, jambo ambalo sikukuomba na ambalo uliponiambia ilinibidi nitoke nje nikaanue nguo zilizokuwa bado mbichi. Ipo siku utakuwa na ndoo, na saa ukutani, na mtu maskini amesimama na kopo akikungoja useme neno. Mtu yule atafanya utakachosema. Mimi nilifanya. Pima tena, baba. Hata ukiwa na uhakika, pima, na ile namba ya pili iandike hata kama itakuletea maneno.

Nasikia mluzi wako kwenye ngazi. Lazima niifunge hii.

Jumamosi jioni nipigie. Usiniulize nilijisikiaje, wala usiniulize watu walisema nini. Niulize ilisoma ngapi.

Mamako,
Mama Nekesa